Masika ya Kwanza Chini ya Bati

Mwaka nilioolewa, mvua ziligoma. Vuli ilipita ikituachia manyunyu mawili matatu, kama mgeni anayenawa mikono kwa heshima tu na hali chochote. Watu wa kwetu Kikwe, huko chini kwenye tambarare, walikuwa wamenionya sana juu ya baridi ya mlimani. Walinipa shuka mbili nzito na machozi mengi. Nilipanda mpaka juu ya Nkoaranga nikiwa nimejiandaa kutetemeka, nikakuta vumbi. Migomba imekunja majani, kahawa imejikausha kwenye matawi, na mfereji wa maji uliotoka mlimani ulikuwa umebaki uzi mwembamba ambao wanawake waliugombania kwa zamu na kwa matusi.

Majani ya ng'ombe yaliisha mlimani. Ikabidi sisi wanawake tushuke tambarare kuyakata na kupanda nayo kichwani. Kwa hiyo, mimi niliyesindikizwa na vigelegele kutoka Kikwe, nilirudi Kikwe kila baada ya siku chache na kamba na mundu. Mama yangu mzazi aliniona siku moja nikijitwisha mzigo ulionizidi kimo, akaweka mikono kiunoni.

"Hebu niambie," akasema, "tulikuoza kwa mtu au kwa ng'ombe?"

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja, wa mama mkwe wangu, na alikula vizuri kuliko bibi harusi.

Mume wangu alikuwa fundi seremala kwenye shamba la mzungu kule Usa River. Alikuwa amerudi kutoka vitani na koti refu la jeshi na mawazo mengi. Wazo kubwa kuliko yote lilikuwa bati. Alijenga nyumba ya pembe nne, yenye madirisha mawili na mlango wenye bawaba, kisha akaenda Arusha kununua mabati kwa Mhindi. Lori liliyashusha barabarani, na vijana wakayapandisha kichwani kwenye njia za mteremko. Yalimeta juani hivi kwamba jirani wa bonde la pili alituma mtu kuuliza kama tumeungua.

Mimi nilijivuna, sikatai. Nilikuwa mwanamke wa kwanza upande ule kulala chini ya bati, na nilihakikisha kila mwanamke kwenye mfereji analijua hilo. Ndani hakukuwa na dari, upepo ulipita kati ya ukuta na paa kama unaingia dukani, lakini kwenye kiangazi kile upepo ulikuwa neema.

Hatua chache kutoka kwetu, katikati ya migomba, ilikuwepo nyumba ya mama mkwe. Ya nyasi, ya mviringo, nyeusi ndani kwa moshi. Upande mmoja alilala yeye, upande wa pili alilala ng'ombe, na katikati palikuwa na mafiga yenye moto usiozimika. Mume wangu alizaliwa humo. Sasa alitaka kuibomoa apande kahawa.

Alimwambia jioni moja tukiwa nje tunakula loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando.

"Mama, kabla ya mvua hii nyumba ishuke. Hapa nitapanda kahawa."

"Na mimi utanipanda wapi?"

"Utahamia kwetu. Chumba chako kipo. Kina dirisha."

"Na ng'ombe?"

"Nitamjengea banda nje."

Mama mkwe akamtazama kama aliyeambiwa mjukuu wake atalala barabarani. Akalamba kijiko chake polepole. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, na alipokuwa anajiandaa kukushinda alianza kwanza kukubaliana nawe.

"Sawa," akasema. "Ni shamba lako. Ila subiri masika. Nyumba ikibomolewa ikiwa kavu hivi itatuua kwa vumbi. Lala na mkeo chini ya mabati yako mpaka baridi ije uijue. Ukiwa bado unataka kubomoa, panga nitakushikia mimi mwenyewe."

Mume wangu alicheka. Hakuwa ameona mvua muda mrefu, na mtu husahau haraka. "Na mtoto wangu," akasema huku ananyoosha kidole kwenye tumbo langu, maana nilikuwa mjamzito tayari, "atazaliwa ndani ya bati. Wa kwanza mlima mzima."

"Atazaliwa kiziwi," mama mkwe akasema, akanyanyuka kwenda kumtilia ng'ombe majani.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hilo. Huko kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hachoti maji, ananeneshwa kwa maziwa na mtori wa ndizi mpaka mashavu yang'ae. Ni wakati pekee ambao mwanamke wa Kimeru anapumzika akiwa hai. Mimi nilikuwa nimeungoja kuliko nilivyoingoja harusi. Na miezi hiyo ingeangukia kwenye ukungu na baridi. Kama nyumba ya nyasi ingebomolewa, ningeimaliza chini ya bati. Wao wawili walibishania mjukuu na kahawa, lakini atakayelala hapo na kichanga kifuani alikuwa mimi, na hakuna aliyeniuliza.

Kanisani waliomba mvua Jumapili baada ya Jumapili. Mwinjilisti alikuwa na sauti nzuri na subira ndogo; mwisho alikuwa anaiomba kama anaidai. Mume wangu akamwalika siku moja baada ya ibada aje abariki nyumba mpya, na majirani wakaja kwa ajili ya baraka na kwa ajili ya wali. Walijipanga sebuleni wakitazama juu na kutikisa vichwa kwa adabu.

Mlima ulikuwa umejifunga wingu kiunoni tangu asubuhi. Hakuna aliyelijali, lilikuwa limetudanganya mara nyingi. Mwinjilisti alifumba macho, akaanza. Alipofika kwenye "na amani itawale humu ndani," tone la kwanza likapiga bati. Likaja la pili. Halafu mbingu ikamwaga yote kwa pamoja.

Mtu asiyewahi kukaa chini ya bati lisilo na dari kwenye masika ya Meru hawezi kuelewa. Hukusikia mvua; ulisikia bati. Mwinjilisti alipandisha sauti, bati likapandisha. Mishipa ya shingo ikamtoka, midomo inakwenda, na sisi hatusikii neno. Aliomba kwa muda mrefu. Hatukujua amefika wapi, tukawa tunamchungulia kwa jicho moja, na midomo ilipotulia tukapiga kelele "Amina!" Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Akaendelea, nasi tukainamisha vichwa tena kwa aibu. Alikuwa ameiomba mvua wiki nyingi, na imemjia wakati anaomba kitu kingine.

Wali uliliwa kwa ishara. Aliyetaka mchuzi alinyoosha kidole, aliyeshiba alijipiga tumbo. Mume wangu alikuwa ametayarisha hotuba fupi kuhusu maendeleo. Aliitoa yote, nadhani, maana nilimwona akinyanyua mikono. Kupitia dirisha nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni pa nyumba yake ya nyasi, ndani ya ukimya wake mkavu, ameziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

Mvua ilituletea kila kitu kwa mara moja. Kumbikumbi, matope, mfereji uliofura na kuwa mwekundu kama chai ya rangi. Ilituletea pia baridi, na hapo ndipo nilipokumbuka shuka za Kikwe. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa kwenye migomba na kukataa kuondoka. Asubuhi nilikuwa naamka na matone usoni. Si kuvuja, bati halikuvuja hata kidogo, mume wangu alikuwa fundi. Lilikuwa linatoa jasho. Pumzi zetu zilipanda juu usiku, zikagandia kwenye bati, na alfajiri zikaturudia.

"Hiyo ni hewa safi," mume wangu akasema, meno yakigongana. Alikuwa amelala ndani ya koti la jeshi, amefunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na kola ameisimamisha.

"Unasikia baridi?" nikamuuliza.

"Mimi? Nimekaa kwenye mahandaki, mimi."

Nikageukia ukutani. Miguu yake ilinigusa chini ya shuka, nikadhani nimelala na samaki wawili.

Nilikuwa naamka mapema kwa sababu ya tumbo, ambalo halikuniruhusu tena kulala mpaka kuche. Asubuhi moja nilitoka nje nikasikia maji yakichotwa. Kona ya nyumba palikuwa na pipa lililokinga maji ya mlizamu wa bati, maji safi yasiyo na tope. Mama mkwe alikuwa ameyakataa mbele ya watu. Alisema hatatia mdomoni mwake maji yaliyopita juu ya chuma, asije akaota kutu tumboni. Sasa ndani ya ukungu niliona mtu mdogo, mkavu, ameinama juu ya pipa mpaka miguu inakaribia kuacha ardhi.

"Shikamoo, mama."

Akaruka. "Marahaba, mwanangu. Nilikuwa natazama kama pipa linavuja."

"Linavuja?"

"Kidogo," akasema, na kibuyu akakificha nyuma ya mgongo. Maji yalikuwa yakimchuruzikia kisiginoni.

Mchana nilikuta mlangoni bakuli la mtindi limefunikwa kwa jani la mgomba. Sikuuliza la nini. Kesho yake lilikuja lingine.

Haikupita wiki nikagundua la pili. Mume wangu naye alianza kuamka alfajiri, akisema anakwenda kukagua mibuni kabla ya kushuka Usa. Lakini alirudi kunywa uji akiwa amechangamka, mikono ya moto, na nyuma ya koti lake kuna manyoya mekundu. Mibuni haina manyoya. Siku iliyofuata nikamfuata. Alijibanza nyuma ya migomba akingoja mama yake atoke na kibuyu na kupotelea kwenye ukungu. Kisha akainama akaingia nyumba ya nyasi kama panya anayejua njia. Nikahesabu pumzi chache, nikaingia. Seremala wa maendeleo alikuwa ameketi kwenye samadi kavu, amemwegemea ng'ombe mgongo, miguu ameiingiza chini ya tumbo la mnyama, macho ameyafumba kwa raha.

"Unafanya nini?"

"Namwangalia ng'ombe."

"Naona. Naye anakuangalia."

Alinishika mkono. "Mke wangu, usimwambie mama."

Nikamwahidi. Na nilikuwa nimekwisha kumwahidi mama, kwa njia ya mtindi. Yeye alidhani mwanawe anakwenda kwenye mibuni. Mwanawe alidhani mama yake anakwenda mferejini. Walipishana kila alfajiri kwenye ukungu, huyu akienda kuiba bati la yule, yule akienda kuiba nyasi za huyu, na mchana waliketi kwenye mkeka mmoja wakisifu kila mmoja nyumba yake.

Siri mbili zilininenepesha. Mtindi ulikuja kutoka upande mmoja. Kutoka upande wa pili, mume wangu alianza kuniwashia moto asubuhi kwa mikono yake, jambo ambalo kama lingesikika kwa wenzake angehama mlima. Maisha yalikuwa matamu. Lakini tumbo lilizidi kushuka, na yeye, ili asionekane ameshindwa, ndiyo kwanza akazidi kusema. Akanoa panga mbele yetu. Akasema baridi ameiona, si kitu, Jumamosi atabomoa. Mama yake akamjibu, "Haya," kwa ile sauti yake ya kukubali. Ila usiku ule nilipompelekea chakula nilimkuta ameketi, mkono wake kwenye nguzo ya katikati, anaisugua kama mtu anavyosugua goti linalouma. Hakuniona. Mzaha wote uliniisha. Watoto wanne alizaa humo ndani, na aliyebaki hai ni huyu anayenoa panga.

Basi alfajiri ya Ijumaa nikatoka kabla yao, nikaufunika mdomo wa pipa kwa ubao na juu ya ubao nikaweka jiwe ambalo mama mkwe asingeliweza. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na nia tu. Nikajibanza kwenye migomba.

Mama mkwe akatoka na kibuyu. Mume wangu akaingia. Nikamsikia mama akihangaika na jiwe, akilitukana kwa Kimeru, kisha hatua zake zinarudi upesi kuliko kawaida. Mume wangu naye alizisikia. Akatoka mbio akiwa ameinama, na mlangoni wakagongana.

"Mwizi! Mwizi wa ng'ombe!" Kibuyu kikatua kichwani mwake, pwaa.

"Mama, ni mimi!"

"Wewe nani?" Pwaa tena.

"Mwanao!"

"Mwanangu amelala kwenye bati! Mwanangu hasikii baridi!" Na hapo nikatambua kwamba alikuwa amekwisha kumtambua tangu pigo la kwanza.

Mume wangu akakinga kichwa, kisha akili zikamrudia. "Na hicho kibuyu? Unatoka wapi na kibuyu asubuhi yote hii? Mfereji uko upande ule!"

Ukungu ulinyanyuka kidogo, nikawaona wamesimama uso kwa uso, huyu ana samadi kwenye koti, huyu ana kipande cha kibuyu mkononi.

"Nakinga umande," mama mkwe akasema.

Nilicheka. Nilishika mgomba kwa mikono miwili nikacheka mpaka mgomba ukanimwagia maji yote ya majani yake. Wakageuka wote wawili kunitazama, na jinsi walivyofanana ilinizidishia. Nikacheka tena, na katikati ya kicheko nikasikia kitu kimekatika ndani yangu, na maji ya moto yakanishuka miguuni.

Mama mkwe akatupa kipande cha kibuyu. Alinifikia kabla sijaanguka.

"Nyumba yetu ina kitanda!" mume wangu akapiga kelele.

"Ina moto?" mama yake akamuuliza.

Nikaingizwa kwenye mlango wa karibu, wa nyasi, na yeye akaambiwa akae nje, hapo si mahali pa mwanamume. Akalete maji ya pipa, yale masafi, mengi. Hospitali ya misheni ilikuwapo bondeni, lakini njia ilikuwa tope tupu na mtoto hakuwa na subira. Mama mkwe akamwita jirani mmoja wa kike, wakanilaza kwenye ngozi kando ya moto.

Niliogopa. Nilikuwa nimefanya kila kitu mzaha miezi yote ile, na sasa niliogopa kufa nikiwa mbali na mama yangu. Mvua ikaanza tena nje. Humo ndani haikuwa na sauti ila mvumo wa mbali, na nilisikia pumzi ya ng'ombe, nzito, ya polepole, nikajikuta navuta yangu nikifuata yake. Mikono ya mama mkwe ilikuwa ya moto. Ndipo tone la maji baridi likaniangukia katikati ya paji la uso. Likaja lingine. Kiangazi kilikuwa kimepasua nyasi za paa, na mume wangu alikuwa amekataa zisizibwe, za nini kuziba nyumba inayobomolewa.

Niliyomwambia kupitia ukutani siyaandiki. Jirani yule aliyasimulia kwenye mfereji mpaka alipozeeka.

"Paa linamvujia mkeo!" mama mkwe akamtafsiria kwa upole.

Tukamsikia akikimbia, tukamsikia akirudi. Boriti zikalia. Nyasi zikaanza kusukumwa juu ya vichwa vyetu, vumbi la masizi likashuka, na tone likakoma. Alikaa huko juu mvuani asubuhi nzima, ndani ya koti la jeshi, akiziba tundu moja baada ya jingine, maana chini hakuwa na ruhusa ya kuingia na kule kwenye bati hakuwa na mtu.

Binti yangu alizaliwa mchana. Alilia kwa sauti iliyomfanya ng'ombe ageuze shingo. Mama mkwe akamfuta, akamfunga kwenye kanga, akamlaza upande wa joto, kisha akakaa chini na kufunika uso kwa viganja. Huko juu kazi ikasimama.

"Mama!" sauti ya mume wangu ikapenya nyasi. "Mama, ni nani?"

Mama mkwe akajifuta macho. Alikohoa, akaipata tena ile sauti yake ya kukubali.

"Ni mwenye nyumba," akasema. "Ukitaka kuibomoa, shuka uje umwombe ruhusa."

Tukangoja. Hakushuka. Baadaye tukasikia kiganja chake kikipiga nyasi, kikizishindilia, taratibu, mahali ambapo hapakuwa pakivuja.